Utashuka Mpaka Wapi

Alikuwa na bomba la sindano, lile kubwa linalouzwa maduka ya dawa za mifugo, na kipande cha kioo cha dirisha chenye tundu katikati. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomfanya aitwe Fundi tu, wakati mafundi wengine wote wa Mafinga walikuwa na majina yao. Ukisema umempelekea Fundi injini, hakuna aliyekuuliza fundi yupi.

Silinda hedi, kile kichwa cha injini, aliilaza chali mezani, akapaka grisi kuzunguka chumba cha moto, akakifunika kwa kile kioo, halafu akaanza kuingiza mafuta ya taa kwenye tundu, kidogo kidogo, midomo ikihesabu. Mafuta yakishagusa kioo bila kuacha kiputo, alisoma bomba na kuandika namba ukutani kwa chaki. Kila chumba alikipima mara tatu. Mteja mwenye haraka alisimama pale akibadilisha miguu, na Fundi hakumtazama. Niliwahi kumwambia kwamba wenzake wanasoma namba kwenye kitabu cha injini na maisha yanaenda. Akanijibu, "Kitabu kiliandikwa injini ikiwa mpya, Mama Neema. Hii imeshafunguliwa na watu watatu, imechongwa, imeonewa. Lazima niiulize yenyewe."

Mimi nauza spea. Duka nimeachiwa na baba yangu, liko barabara ya kwenda kwenye viwanda vya mbao, na gereji ya Fundi ilikuwa upande wa pili wa barabara hiyo hiyo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Nilijua kwamba akikasirika anaongea Kinyakyusa, na ukimpa chai anasema "ndaga", yaani asante, na kwa jirani hayo yalinitosha.

Kazi iliyomtangaza ilikuwa supachaja. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na injini ya petroli iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani ikifika Mufindi inapumua kama mgonjwa. Ukiipakia viazi na kuielekeza mlimani, unaweka gia ya pili na kuanza kusali. Fundi alikuwa akikusanya supachaja kutoka kwenye magari ya mtumba yaliyochinjwa Mbeya. Ni pampu ya hewa tu, inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma hewa ndani kwa nguvu badala ya kuiacha injini ivute yenyewe. Pikapu iliyokuwa inalia mlimani ilitoka kwake inapanda bila maneno.

Ila alikuwa hafungi supachaja kabla ya kuchagua pistoni, na hapo ndipo alipowachosha watu. Mimi alinifundisha kwenye kaunta yangu, akitumia vizibo viwili vya soda. Pistoni ikiwa chini, juu yake kuna nafasi kubwa. Ikipanda mpaka mwisho, hewa yote inabanwa kwenye nafasi ndogo inayobaki. Imebanwa mara ngapi? Hiyo ndiyo namba aliyokuwa anaitafuta kwa bomba lake. Injini ya kawaida inabana mara kumi na inafurahi. Lakini supachaja inaleta hewa iliyokwisha kushindiliwa. Ukiibana tena mara kumi, petroli inalipuka kabla ya zamu yake, na pistoni inapigwa usoni ikiwa bado inapanda. Ndipo anageuza kizibo kimoja, upande wenye shimo juu. "Hii ina bakuli kichwani. Bakuli linaacha nafasi, unabana mara nane tu. Inakula mafuta zaidi, inachelewa kuchangamka, lakini haifi." Anageuza cha pili. "Hii bapa. Tisa na nusu. Tamu, inavuta kuanzia chini, mafuta kidogo. Lakini ina masharti."

Masharti yenyewe yalikuwa swali moja, na alimuuliza kila mtu, awe mwalimu, paroko au mwenye malori. "Utashuka mpaka wapi?"

Watu walidhani anawachimba. Alikuwa hachimbi. Ukibaki Mafinga, Njombe, Makambako, hewa nyepesi na baridi vinakulinda, pistoni bapa zinatosha. Ukishuka bonde la Usangu, ukafika Igawa na Rujewa mwezi wa kumi na moja saa saba mchana, hewa ni nzito na ya moto, na injini ile ile iliyokuwa inaimba nyumbani inaanza kutoa mlio wa kokoto kwenye kopo. Ukiendelea kukanyaga mafuta, imekwisha. Alisema injini haijengei pale inapolala, anaijengea mahali pa chini kabisa itakapofika, hata kama itafika siku moja kwa mwaka.

Ukimdanganya, alikuwa na njia. Alifungua eya klina, lile chujio la hewa, akaikung'uta juu ya gazeti jeupe. Nakumbuka jamaa mmoja mwenye mashine ya kupasulia mbao aliyeapa kwamba gari lake halivuki Sao Hill. Fundi akakung'uta, akakaa anatazama lile vumbi kama mtu anayesoma barua. "Hili jekundu ni la kwetu. Hili la kijivu si la Mufindi, mzee. Umeshuka." Jamaa akacheka, akakubali, akasubiri pistoni zenye bakuli zije kutoka Dar.

Ukutani, juu ya chaki zake, kulikuwa na ubao wenye pistoni zilizovunjika, nyingine zimetobolewa katikati, nyingine zimeliwa pembeni kama mkate uliopitiwa na panya. Kila moja aliiandika kwa kalamu nyeusi mahali ilipofia. Chimala. Igurusi. Ruaha Mbuyuni. Igawa zilikuwa tatu. Vijana wa stendi waliuita ubao ule makaburini na wakamtania kwamba Novemba, siku ya marehemu, aende kuuwashia mishumaa. Hakukasirika. Alizifuta vumbi kila Jumamosi.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Fundi alikuwa mchafu, alikuwa mbishi, na paa la nyumba yake lilivuja misimu yote niliyomjua wakati yeye anahangaika na injini za watu. Hakuwa na gari. Alienda kanisani kwa miguu, akaimba besi kwaya ya Walutheri kwa sauti iliyotikisa madirisha, na mtu mwenzake wa besi akikosea noti alimwambia ameimba vizuri. Hicho ndicho kilichonikera kwake. Chuma alikiambia ukweli bila kupepesa. Kumwambia binadamu ukweli aliogopa.

Nitatoa mfano. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa Iringa mjini, mtu mpole, aliyeleta gari lake klachi ikiwa imeungua. Ilikuwa wazi kwamba mwanawe alikuwa analichukua na kushindana nalo barabara ya Kalenga. Fundi aliona, mimi niliona, na spea nilitoa mimi. Mzee akauliza kimetokea nini. Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa, muda mrefu, akasema, "Imezeeka tu, mzee wangu." Alipoondoka nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Yule baba na mtoto wanakula meza moja. Mimi nani niwaharibie chakula?" Nikamwambia ipo siku chakula cha watu kitamtokea puani. Nilisema kwa kutania, maana tulizoea kutaniana.

Mume wangu alikuwa na pikapu. Alikuwa mchuuzi, mtu wa maneno mengi na kicheko, na kwa miaka miwili alikuwa ananiambia anafuata viazi Njombe. Alikuwa kweli anafuata viazi Njombe. Lakini suruali zake nilizifua mimi, na kwenye mikunjo ya chini nilikuwa nakuta pumba za mpunga. Mpunga hauoti Njombe. Hauoti Mafinga. Hakuna haja ya kwenda shule kujua pumba zinatoka wapi. Kisha nikasikia, kama wanawake tunavyosikia, kwamba kuna nyumba Rujewa, karibu na mashine za kukoboa, na kwamba mwenye nyumba hiyo akimwita "mume wangu" haoni aibu.

Sikusema kitu. Nilikaa na lile jambo kama mtu anayekaa na jino bovu, nikingoja aseme yeye.

Ndipo akataka supachaja. Akamleta Fundi dukani kwangu, maana pistoni angezichukua kwangu, kwa hiyo tulikuwa watatu: mimi nyuma ya kaunta, wao mbele. Nilikuwa nafungua boksi la ringi. Fundi akauliza swali lake kama alivyomuuliza kila mtu.

"Baba Neema, utashuka mpaka wapi?"

Mume wangu akatazama mikanda iliyotundikwa ukutani. "Mimi? Njombe. Makambako. Mtu wa viazi anaenda wapi, Fundi?"

Fundi akanitazama mimi.

Nasema haya taratibu kwa sababu nimeyapitia mara nyingi. Nilijua namba zote. Nilijua nane ni ya Rujewa na tisa na nusu ni ya nyumbani. Pistoni zenye bakuli sikuwa nazo, zingeagizwa, na kuziagiza kungekuwa kukiri. Nilitaka aziombe. Nilitaka asimame pale mbele ya mtu wa tatu aseme, hapana, mimi nashuka Usangu. Na kama hatasema, basi injini imgongee huko huko, imfie mlangoni kwa yule mwanamke, anipigie simu kuniomba spea, na mimi nimwulize, Rujewa unatafuta viazi? Nilikuwa nimeshaipanga hata sauti nitakayotumia.

Nikamwambia Fundi, "Si umesikia? Njombe." Nikaliteremsha mwenyewe boksi la pistoni bapa na kuliweka juu ya kaunta.

Fundi akalishika, akaligeuza, akasema, "Haya, mama."

Kazi aliifanya vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alipima vyumba vyote mara tatu. Ringi alizichonga mwanya mkubwa kidogo kuliko kawaida, ili zikipata moto ncha zake zisikutane. Pikapu aliijaribu ikiwa imepakiwa mchanga, kupanda na kushuka barabara ya msituni, na ikarudi inanguruma kistaarabu. Mume wangu alifurahi kwa wiki, halafu akaanza kulalamika kwamba mbona haina nguvu kama ya fulani. Fundi akamwambia, "Inatosha. Iendeshe taratibu, na jua likiwaka usiikimbize." Nikaona ajabu, mtu wa Njombe kuambiwa habari za jua.

Ilikuwa Novemba mume wangu alipokufa. Alikuwa anatoka Rujewa na magunia ya mchele, mchana, ameshaingia barabara kuu pale Igawa, akaanza kulipita lori la mbao. Wale waliokuwa nyuma yake walisema pikapu ilitoa moshi mweupe ikakata nguvu ghafla ikiwa katikati, ubavuni mwa lori, na kutoka mbele likaja basi. Hakufika hospitali. Mchele ulimwagika barabarani, na watu walinisimulia jambo la mchele kana kwamba ndilo lingeniuma zaidi.

Fundi alikwenda kuifuata injini mwenyewe. Aliifungua mimi nikiwa nimesimama pale, sikukubali kuondoka. Pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa ubavu mzima, ringi zimekatika. Aliishika mkononi muda mrefu. Ndugu wa mume wangu walipokuja kuuliza, na trafiki walipouliza, alisema maneno yale yale: "Pistoni nilichagua mimi. Nilikosea mimi." Hakumtaja mteja, hakunitaja mimi, hakutaja swali. Nami nilimwacha aseme. Nilisimama na kitenge changu cha msiba nikamwacha mzee wa watu abebe.

Siku ya mazishi yule mwanamke wa Rujewa alikuja. Nilimjua bila kuambiwa. Alikaa mbali, kwenye majani, ana mimba kubwa, hakuna aliyemsalimia. Na katika watu wote wale, Fundi akanyanyuka, akachukua kiti kutoka mstari wa wazee, akakivusha uwanja mzima mbele ya macho ya watu, akampelekea. Nilihisi amenitemea mate. Niliwaza, kumbe alikuwa anajua siku zote, alikuwa upande wao, na swali lake lilikuwa mchezo. Tangu siku hiyo sikumwuzia hata boliti. Akija dukani naingia ndani. Aliacha kuja.

Hakufunga supachaja nyingine. Bomba la sindano alilitupa, au alilificha, sijui. Pistoni ya tatu aliiweka ubaoni pamoja na zile nyingine, na mtu yeyote aliyepita angeweza kuona kwamba zote ubaoni zimeandikwa isipokuwa hiyo. Watu walisema amesahau. Mimi nilikuwa naipita kila asubuhi nikienda kufungua duka, na nilijua hajasahau. Baadaye macho yakaanza kumsumbua, akafunga gereji, binti yake akaja kumchukua kwenda Uyole.

Ilinichukua miaka sita kupanda basi la Mbeya. Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilifunga duka siku mbili nikaenda. Basi likishuka Igawa nilifumba macho. Nilikuwa nimeamua nitasema, na nilijua nikichungulia nje sitasema.

Nilimkuta amekaa kibarazani, koti zito, blanketi magotini, Uyole na baridi yake. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza. Alinigeuzia uso lakini alitazama pembeni yangu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanielekezea sikio. "Hiyo sauti ya dukani."

"Ni mimi."

"Karibu, Mama Neema. Neema hajambo?"

"Yuko chuo Iringa."

Binti yake akaleta chai na viazi vya kuchemsha, akatuacha. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakapotea. Nikasema tu, "Fundi, mimi nilijua. Siku ile. Nilijua anashuka. Nilikuta pumba kwenye suruali zake. Nikanyamaza, nikakupa zile bapa kwa mkono wangu."

Hakushtuka. Aliweka kikombe chini kwa kupapasa, mpaka alipoisikia meza.

"Na mimi nilikuta pumba," akasema.

Sikumwelewa.

"Kwenye eya klina. Kabla hatujaja dukani kwako nilikuwa nimeshaikung'uta. Gazeti zima pumba za mpunga. Nikasema moyoni, nitamwuliza, atasema mwenyewe. Akasema Njombe. Nikakutazama wewe, nikasema huyu mama hajui. Nikimbana huyu bwana hapa, navunja nyumba yao juu ya kaunta yao." Alisugua magoti. "Kwa hiyo nikafunga puli kubwa, ili supachaja izunguke polepole. Nikachelewesha moto wa plagi kidogo. Ringi nikazipa mwanya. Nikajiambia itatosha. Nilijua haitoshi, mama. Namba ilikuwa ukutani."

Nilitaka kumkasirikia na nikatafuta hasira yangu ya miaka sita, nikakuta haipo, imebaki aibu tupu. Watatu kwenye duka moja, wote tunajua, kila mmoja anamlinda mwenzake au anamvizia, na aliyetakiwa kupanda lile gari yupo katikati yetu anatazama mikanda.

"Na kile kiti?" nikauliza.

"Alikuwa mjamzito," akasema. "Hakuna zaidi."

Alimwita binti yake, akamwambia alete kile kilicho chini ya kitanda. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti. Kabla sijaifungua nilijua ni pistoni ya tatu. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka, aluminiamu tu, ubavu umeliwa, na upande mzima wa kichwa chake bapa ukiwa safi, hauna maandishi.

"Sikuweza kuiandika," Fundi akasema. "Kila nikishika kalamu nasema Igawa, mkono unakataa. Sasa sioni. Niandikie wewe."

Binti yake akanipa kalamu ya alama, ile ya kuandikia magunia. Niliweka pistoni magotini. Nilifikiri Igawa. Nilifikiri Rujewa, na nusura niandike, maana bado nina roho mbaya. Mkono wangu nao ukakataa. Kisha nikaandika, herufi kubwa ili zienee, nikampa mkononi.

Akapitisha kidole gumba juu ya wino.

"Umeandika nini?"

"Mafinga," nikasema.

Akailaza pistoni ile mapajani. Halafu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani mafuta yakigusa kioo.

"Ndiyo," akasema. "Ilifia pale."